Pembe ya Tano

Ukiingia katika nyumba ya Wamethodisti wa Kamina, utaona hakuna kitu kinachoachwa uchi. Redio imevaa. Viti vimevaa mgongoni na mikononi. Chombo cha maji ya kunywa kina kofia. Televisheni ya mama mkwe wangu, iliyokufa kabla sijazaa mtoto wa pili, bado ilikuwa na napero nyeupe yenye maua, iliyofuliwa kila Jumamosi na kupigwa pasi. Napero ni kile kitambaa cha kufumwa kwa mkono, chenye matundu mengi kuliko uzi. Wazungu wa misheni waliwafundisha bibi zetu kukifuma, halafu wakaenda zao wakatuachia kazi ya kukifua.

Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa shamba, kutoka kijiji cha mihogo nje ya mji. Kwetu kiti ni cha kukalia. Siku nilipoletwa katika nyumba ile niliinua kile kitambaa cha kwenye kiti nikakikunja vizuri pembeni, nikidhani mtu amesahau nguo yake, kisha nikakaa. Bukwe wangu akanishika mikono, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua muhogo sokoni, akasema mbele ya wageni: "Hii iko mikono ya jembe. Haitajua uzi."

Bukwe ndilo jina tunaloitana huku, mama wa mume na mke wa mwana, yeye kwangu na mimi kwake. Ni jina la heshima na mnalitumia hata siku ambayo heshima yenyewe haiko nyumbani. Tulilitumia miaka ishirini na sita.

Sasa, huyu bukwe hakuwa mfumaji tu. Alikuwa ndiye sheria. Wanawake wa kanisa lake walikutana kila Alhamisi na kazi zao za mikono, na wote, kuanzia wasichana mpaka wake za wachungaji, walikuwa wamefundishwa naye. Alipopewa kazi aiangalie aliinyoosha juu mbele ya dirisha, akaitazama safu kwa safu. Akikuta kosa hakugomba. Alishika mwisho wa uzi akavuta, taratibu, kazi ya wiki tatu ikageuka tambi mapajani mwake, halafu akakurudishia bila neno. Kuna mke wa mchungaji mmoja aliyefumuliwa napero ya meza mara mbili katika mwezi mmoja. Mume wake alihubiri juu ya uvumilivu Jumapili mbili mfululizo.

Lakini palikuwa na sheria ya pili, na hii ndiyo iliyotutia wote matatani. Mtu akikukuta na kazi mkononi, hakusalimii wewe kwanza. Anaichukua kazi, anatia mishono yake michache au hata mzunguko mzima, anakurudishia, ndipo mnaulizana habari za nyumbani. Tunasema amesalimia kazi. Na mishono ya salamu haifumuliwi, hata ikiwa imelegea au imekaza, hata ikiwa na sura ya mavi ya mbuzi. Kuifumua ni kama kutema chakula cha mtu mbele yake. Ikiwa aliyesalimia ni mzee, ndiyo kabisa, unaiacha mpaka Yesu arudi.

Katika miaka ishirini na sita bukwe hakuwahi kusalimia kazi yangu. Ni kweli sikuwa na kazi. Lakini nilimwona akisalimia hata kazi ya mjinga mmoja aliyefuma kofia ya mtoto isiyoingia kwenye chungwa.

Basi, binti yetu akapata mchumba. Binti ni mwalimu wa shule ya msingi, na mchumba anatoka Luena, mtoto wa watu wa reli, kijana mzuri ila anacheka kabla ya kumaliza hadithi. Kwa desturi ya nyumba yetu, kabla ya harusi wanawake wa upande wa msichana hutandika kitanda chake cha ndoa, wanawake wa upande wa mvulana wakiwa wamesimama wanaangalia. Shuka ya juu lazima iwe ya kufumwa kwa mkono na lazima iwe nzima, ya kazi moja, isiwe viraka vilivyoshonwa pamoja. Wajukuu wote waliotangulia walifumiwa na bukwe mwenyewe, nyuzi nyeupe za pamba, mwaka mzima wa kazi kwa kila kitanda. Safari hii alikaa kimya mpaka binti alipomuuliza. Akajibu akinielekezea kidevu: "Mama yake njo huyu. Afanye."

Nilijua ni tusi. Nilijua ananiweka uwanjani ili nianguke mbele ya watu wa Luena. Nilikwenda jikoni nikapiga masufuria mpaka majirani wakadhani ninapika. Halafu nikakata kauli: shuka itakuwepo.

Nilijifunza kwenye simu ya binti yangu. Mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu za rangi alikuwa anafuma huku anazungumza lugha ambayo hakuna mtu kwetu aliyeijua, tukamzima sauti tukafuata vidole. Kati ya yote aliyofanya niliweza kitu kimoja tu, kare, yaani mraba. Unaanza katikati na kiduara kidogo kama kifungo cha shati. Unazunguka ukiweka mafungu ya mishono mitatu mitatu, tundu, fungu, tundu, na kwenye pembe unatia mafungu mawili ndani ya tundu moja ili kazi igeuke. Pembe nne, basi. Mzunguko unaofuata unatia fungu katika kila tundu lililoko chini yake, na ukikuta pembe unafanya pembe. Huhesabu. Hufikiri. Kare inakua yenyewe kama deni la dhambi, leo kifungo, kesho sahani, keshokutwa sinia, na ukiwa na kichwa kigumu inafika kitanda. Kichwa kigumu ninacho.

"Hiyo iko kazi ya batoto," alisema bukwe aliposikia.

"Njo ile ninaweza," nikamwambia.

Uzi wa pamba sikuugusa, ni wa kwao. Nilikwenda sokoni kwenye marundo ya tombola, yaani nguo zilizovaliwa na wengine ng'ambo, nikachagua sweta kubwa kubwa za sufu, nikazifumua barazani. Uzi wa sweta kuukuu hutoka umejikunja kama nywele zisizochanwa, unauzungushia mgongo wa kiti, unaumwagia maji ya moto, unauacha unyooke juani. Kiti cha bukwe kilifaa kuliko vyote. Nilipata rangi ya damu ya mzee, rangi ya haradali, kijani cha ukuta wa hospitali, na waridi moja la sweta ya mtoto lililoumiza macho. Binti yangu aliangalia rangi zile akasema, "Mama, ni nzuri," kwa sauti ya mwalimu anayempa mtoto nne kwa kumi.

Kare ilikuwa imefikia ukubwa wa sinia siku bukwe alipoisalimia. Nilikuwa barazani, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaanza kuungua ndani, nikaiacha kazi kwenye kiti nikakimbia. Niliporudi yeye alikuwa amekaa, kazi mapajani, krosheti yangu mkononi, anafuma. Krosheti ni ile sindano yenye kichwa cha ndoano, na mkononi mwake haikuonekana, ulisikia tu uzi ukipita. Uso wake ulikuwa umeinuliwa kuelekea barabarani. Alimaliza mzunguko mzima, akanipa, akauliza: "Sombe iliungua?"

Nitasema ukweli, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Niliketi na kare yangu nikiugusa ule mzunguko wake, mishono midogo iliyokaza, tofauti na yangu iliyokaa kama meno ya kima. Mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, nilikuwa karibu kulia kwa sababu mama mkwe amesalimia kazi. Nikaendelea kufuma kwa kasi ya wazimu.

Siku ya tatu kare ilikataa kulala. Uiweke mezani, inainuka. Ubonyeze huku, inafura kule. Nikalaumu sweta. Nikaifua, nikaianika na mawe kwenye kingo, nikailaza chini ya godoro na kuilalia, mimi na mume wangu, ambaye si mwepesi. Asubuhi ikatoka imefura vilevile. Niliendelea kuifuma kwa sababu nilidhani ikiwa kubwa itatulia, kama watoto. Ikawa kubwa, ikazidi kuchafuka, mawimbi matupu, kama kabichi iliyofunguka. Ndipo siku moja nilipoitandaza sakafuni nikafanya jambo ambalo mwanamke wa kwenye simu alikuwa analifanya kila dakika na mimi nikadhani anajikuna: nikahesabu pembe.

Zilikuwa tano.

Nikahesabu tena. Nikaifuata ile ya tano kwa kidole kurudi ndani, mzunguko kwa mzunguko, pembe juu ya pembe, na kila mara ni mimi niliyeifanya kwa utiifu, kwa kuwa ukikuta pembe unafanya pembe. Ilianzia kwenye mishono iliyokaza. Katikati ya upande ulionyooka, mahali pasipo na sababu, bukwe alikuwa ametia mafungu mawili ndani ya tundu moja. Yeye, aliyefumua wake za wachungaji.

Nilikwenda nyuma ya jikoni nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa tayari nimeshachagua Alhamisi nitakayoipeleka, na kiti nitakachokaa, na sauti ya upole nitakayotumia. Miaka ishirini na sita, na Mungu wa Wakatoliki ameniwekea pembe ya tano mkononi.

Lakini kicheko kilipoisha nikabaki na swali. Mtu kama yule hakosei. Nikaanza kumwangalia, kwa nia mbaya kwanza, nikitafuta makosa mengine ya kuongezea. Nilimwona akimimina chai huku kidole kimeingia kikombeni kungoja joto lifike. Nilimwona akimwambia "karibu" mtu aliyesimama mlangoni, na mtu mwenyewe lilikuwa koti la mwanawe lililotundikwa. Kanisani, nilipomsindikiza, aliimba wimbo wote kwa ufasaha na kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa kwenye tangazo la mchapishaji. Na siku ile alipofuma mzunguko wangu alikuwa anatazama barabara kwa sababu barabara na kazi kwake vilikuwa kitu kimoja. Nilipomsogelea kwenye mwanga nikaona ndani ya mboni zake kuna weupe, kama maji ya kuoshea mchele. Nia mbaya ikaniishia. Nikaogopa.

Wiki hiyohiyo ikatangazwa kanisani kwake na kwangu kwamba waganga wa macho wamekuja kutoka mbali na watakaa hospitalini siku chache, wanatoa ule weupe kwa wazee. Orodha inafungwa Ijumaa. Baada ya hapo watarudi lini, hakuna aliyeweza kusema. Pale kwetu ukisikia hivyo, unajua ni hapana.

Nilimwambia mume wangu. Mume wangu anafanya kazi relini, anaweza kugombana na mkuu wa stesheni, na stesheni yenyewe, ila mama yake akikohoa yeye anasimama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umuambie weye, mambo ya bamama," na kesho yake akawa na safari ya lazima ya kwenda Luena kuonana na wakwe.

Nikamwambia mwenyewe, na kwa kuwa sina dogo nilimwambia vibaya. "Bukwe, hauoni. Kuna banganga ku lupitalo. Twende."

Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele kwa ncha za vidole. Hakuacha. "Macho yangu iko muzima. Bapeleke bale benye habaoni."

"Uliingiza kidole mu chai asubuhi."

"Chai iko yangu, na kidole iko yangu."

"Bukwe."

"Unataka nikuwe kipofu juu urithi kiti yangu ya Alhamisi?" akauliza. Akainuka, akabeba mchele wake akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba, kwenye jua kali, akapapasa ukuta kwa mgongo wa mkono akijifanya anafukuza inzi. Hakusema na mimi siku mbili. Alipotaka chumvi aliiomba kwa kupitia binti yangu aliyekuwa shuleni.

Nilikuwa na hasira na yeye, na huruma humohumo ndani, zinapigana. Mficha uchi hazai, husema watu, na huyu alikuwa tayari kufa na uchi wake ameufunika kwa napero.

Kutandika kitanda kulikuwa Alhamisi. Shangazi wa mchumba alikuwa amefika na treni kutoka Luena, na wanawake wote wa kanisa la bukwe walikuwa wanakuja, na kwa desturi yeye ndiye angeipima shuka mbele yao. Jumatano niliitandaza chumbani. Bado kulikuwa na njia. Ningefumua mpaka kwenye mzunguko wake, niitoe pembe ya tano, nifume tena usiku na mchana na binti yangu akisaidia, shuka iwe ndogo kidogo lakini ilale. Ningevunja sheria ya salamu, sawa, lakini nani angejua? Nikavuta uzi. Nilifumua mizunguko mitatu, nikasimama.

Nani angejua. Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Nikifumua, hakuna atakayejua, hata yeye. Atapita kando ya kitanda, watampigia makofi, Ijumaa itapita, waganga watapanda ndege yao, na yeye atabaki na heshima yake gizani. Nikairudisha ile mizunguko mitatu, mmoja mmoja, na kila nilipoikuta pembe ya tano nikafanya pembe. Siwezi kusema nilifanya kwa upendo mtupu. Kidogo nilitaka aone. Kidogo nilitaka wote waone. Lakini zaidi nilitaka aende hospitali, na sikuwa na mdomo mwingine wa kumwambia.

Wakaja. Chumba kikajaa vikwembe, yaani vitenge, vipya na harufu ya poda. Shangazi wa Luena alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, wa kuangalia kila kitu mara mbili. Mimi na binti tukaishika shuka tukaitupa juu ya kitanda, ikatua, halafu ikaanza kuinuka. Katikati palifura kama bukari, ugali wetu, inayochemka. Pembe nne zilipata pembe zao za kitanda, na ya tano ikaning'inia ubavuni mwa godoro haina pa kwenda. Rangi sizisemi.

Shangazi akazunguka kitanda kizima, akarudi alikoanzia, akauliza kwa adabu kabisa: "Kwenu hapa Kamina kitanda iko na pembe ngapi?"

"Nipishe," akasema bukwe.

Akaja mpaka kitandani, magoti yakagusa ubao, akaweka mikono juu. Akazunguka kwa vidole. Alipofika kwenye ile ya tano akasimama. Nilidhani atashika mwisho wa uzi avute, kama kawaida yake, na nilijua hapo ndipo ningesema ni mkono wa nani. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Lakini hakuvuta. Kidole chake kikaanza kupanda ile pembe kurudi katikati, tundu kwa tundu, polepole, na wanawake wote wanafuata kile kidole, na nikajua kinakwenda wapi. Na mimi, mwenye mdomo, mimi niliyepanga yote, nikaogopa. Sikuweza kuvumilia kifike.

"Njo minyi, bukwe," nikasema. "Nilikosa. Sikujua kuhesabu. Mikono ya jembe."

Chumba kikapumua. Mama mmoja akaanza hata kucheka, sasa mambo yamerudi mahali pake, Mkatoliki amekosea.

Kidole kilikuwa kimeshafika. Bukwe aliipapasa mishono yake iliyokaza kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto wake gizani, akahesabu mafungu, akarudia. "Apana," akasema. "Hii iko mukono yangu."

Akabaki ameinama. Halafu akasema, bila kumgeukia mtu: "Siku ile nilifuma juu nijue kama mikono ingali inaona. Haukuniambia kitu. Nikasema, basi, inaona."

Nikaikunja ile pembe ya tano ndani ya kiganja.

Akanyoosha mgongo. "Wengine je? Iko miaka mbili nasalimia kazi zenu. Nani iko na kazi yangu mubaya ku nyumba?"

Wanawake wakaangalia miguu yao. Mwishowe akajitokeza yule mke wa mchungaji, aliyefumuliwa mara mbili, akasema kwa sauti ya mtu aliye kwenye kitubio chetu: "Minyi niko na moja, mama. Ya meza. Upande mumoja iko murefu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka ya mwaka jana."

Mwingine akasema ana moja juu ya redio, imejikunja. Mwingine ana mbili, alizificha ndani ya sanduku. Mmoja alisema yake ameigeuza juu chini ili tundu lisionekane, na kila bukwe alipomtembelea aliiweka mezani aipapase asifu. Zilifika nyumba tisa, nilihesabu. Mji mzima ulikuwa umejaa makosa ya bukwe wangu, yamefuliwa, yamepigwa pasi, na hakuna mkono hata mmoja uliothubutu kuyafumua. Kila mmoja alijua peke yake na akadhani ni heshima.

Bukwe alisikiliza wote mpaka wa mwisho.

"Minyi niliwafumua ninyi wote," akasema. "Juu mujue. Na ninyi munaniheshimu. Munaniheshimu mupaka nikuwe kipofu."

Mke wa mchungaji akaanza kulia, na wa pili yake akafuata kwa kuambukizwa. Shangazi wa Luena, Mungu ambariki mwanamke yule, akavuta kiti, akakiondoa kitambaa chake, akakaa, akasema: "Basi tufumue. Harusi iko Jumamosi."

Bukwe akautafuta mwisho wa uzi, akauvuta wa kwanza yeye mwenyewe. Tulifumua sote, wanawake kumi na wanane kuzunguka kitanda kimoja, sufu ikipita mikono kwa mikono, mpaka kwenye mzunguko wake na kuupita. Tulifuma kwa zamu mpaka Ijumaa jioni. Ilitoka shuka isiyofika kingo zote za godoro, yenye mikono kumi na minane ndani yake na pembe nne.

Yeye hakuwepo ilipomalizika. Ile Alhamisi, wageni walipoondoka, alinishika kiwiko, mara ya kwanza, si begani wala mkononi, kiwiko, kama vipofu wanavyoshika, akasema, "Kesho asubuhi, utanipeleka." Tulikuwa wa pili kutoka mwisho kwenye orodha. Njiani hakuficha tena. Aliniuliza kila shimo, na mimi nilimwambia kila shimo, na machache niliyabuni ili aendelee kunishika.

Walimfanya jicho moja. La pili, walisema, lilikuwa limechelewa. Mbona hamkumleta mapema, aliuliza mganga, na mimi nikaangalia sakafu kama wale wanawake.

Harusi ilipita bila yeye. Jumapili asubuhi muuguzi alibandua kitambaa kwenye jicho. Nilikuwa nimechana nywele na kuvaa kikwembe changu kizuri, sijui kwa nini, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Bukwe akaangalia dirisha. Akaangalia vidole vyake, kimoja kimoja. Akamwangalia muuguzi, akamwambia kola yake ina uzi unaoning'inia. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu kwa lile jicho moja, na mimi nikaweka jibu tayari mdomoni, kwa kuwa nilimjua.

"Bukwe," akasema taratibu, "ulizeeka siku gani?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, na yeye akanyoosha mkono, safari hii bila kupapasa, akanishika shavu.

"Nyamaza," akasema. "Munganga alikataza nilie."